Muuza Majiko na Swali la Mlangoni

Kamwene, wapendwa. Kamwene tena, maana upande huu wa akina baba nimesikia wawili tu wakiitikia. Haya, sasa nimewasikia.

Naomba tutulie kidogo. Mama mwenye mtoto anayelia, usitoke naye nje, nje kuna ukungu. Mnyonyeshe hapo hapo, hakuna atakayekushangaa. Vijana wa kwaya, hizo karatasi za nyimbo ziwekeni chini kwanza, zinapiga kelele kuliko nyinyi wenyewe. Na kule nyuma, mzee wangu, naona unataka kuufunga mlango kwa sababu ya baridi. Usukume, lakini usiufunge wote. Acha uwazi. Nitakwambia kwa nini.

Leo mmenisikia nikisoma somo mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Hata pale penye majina marefu ya watu wa zamani nilipita. Namshukuru Mungu. Nyinyi mnanijua, herufi nimezipata mvi zikiwa kichwani tayari. Nalisema hili kwa sababu mfano wangu unamhusu mtu wa namna hiyo. Sikilizeni.

Kulikuwa na kijana mmoja muuza majiko. Alitengeneza majiko banifu, yale ya udongo yaliyovikwa bati, yanayokula mkaa kidogo. Alikuwa fundi mzuri, na mke wake ndiye aliyekuwa akiyakata mabati. Mji wao ulikuwa wa baridi kama huu wetu. Mwezi wa sita ukitoa mkono kwenye blanketi unaurudisha.

Sasa huyu kijana akafungua tovuti. Mnajua tovuti? Ni duka lako ndani ya simu. Mtu yuko mbali, anapangusa tu, anaona majiko yako na maelezo yake. Kitu kizuri. Lakini aliyemtengenezea alimwambia, "Kaka, hii kitu inataka maneno mapya kila wiki. Ukiiacha na maneno yale yale, watu wataona umefunga."

Wiki ya kwanza aliandika faida za jiko banifu. Wiki ya pili akaandika jinsi anavyouchoma udongo. Ya tatu akaweka picha ya mke wake anakata bati, mke akagomba kwa sababu hakuwa amesuka nywele. Baada ya hapo maneno yakamwishia. Akawa anakaa dukani kwenye kigoda, shingo imeinama, anatafuta kwenye simu cha kuandika.

Watu walikuwa wanakuja. Huyu anauliza, "Fundi, jiko likipasuka mdomo nalizibaje?" Mwingine anauliza, "Naweza kuchoma magunzi badala ya mkaa?" Yeye anawajibu bila kuinua macho, "Subiri kidogo, ndugu yangu, nina kazi hapa. Natafuta cha kuandika."

Jamani! Si ndicho hicho alichokuwa anaulizwa?

Mke wake akamwambia, "Wewe na hiyo simu fungeni ndoa tu, mimi nitasimama shahidi."

Akasema, "Mke wangu, hujui ugumu wa kazi hii."

"Sijui. Ninachojua ni kwamba watu wanaingia na maswali na wanatoka nayo."

Kijana akaona njia rahisi. Akaingia kwenye tovuti za wauza majiko wengine, wa miji ya mbali, ya kule chini kwenye joto. Akakuta mmoja ameandika vizuri sana. Akakopi. Ameandika nini? "Jiko letu halina moshi. Litumie popote nyumbani." Basi. Maneno machache, matamu. Akaweka kwake.

Mnisikilize hapa. Yule aliyeyaandika hakusema uongo. Kwao kuna joto, watu wanapika barazani, dirisha la kulala halifungwi mwaka mzima. Kwao "popote" ni uani, ni barazani, ni chini ya paa lililo wazi pande zote. Lakini maneno yale yakapanda mlima, yakaja kwenye mji ambako watu wanaziba hata ufa wa mlango kwa matambara wasipigwe na baridi. Kwao "popote" ni wapi? Niambieni.

Siku moja asubuhi akaja mama mmoja. Mtu mzima, amejifunga kanga mbili juu ya sweta. Mama huyu alikuwa anaishi na mama yake mzazi, bibi kizee, mifupa inamuuma, usiku analia baridi kama mtoto. Tayari walikuwa wameshanunua jiko kwa huyu kijana, wanapikia. Akasimama mlangoni.

Kijana akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nina swali dogo tu. Lile jiko ulilotuuzia. Mama yangu anateseka na baridi. Nikimwekea chumbani usiku akalala nalo, halitamdhuru?"

Swali ndilo hilo. Lilihitaji neno moja tu, "Usithubutu." Angeweza kulisema hata bila kuinua kichwa.

Lakini wakati ule alikuwa amepata picha ya kuweka, anahangaika kuipunguza ukubwa. Akasema, "Mama, maelezo yote yapo kwenye tovuti. Simu ya kupangusa unayo?"

"Ninayo. Binti yangu aliniletea."

"Basi ingia hapo, usome. Kila kitu kipo."

Mke wake kutoka kwenye mabati akasema, "Mume wangu, mama wa watu ameuliza kitu."

"Nimeshamjibu. Ataona."

Na yule mama, mnajua alisikiaje? Hakukasirika. Alifurahi! Kwa sababu mwaka ule ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima. Akasema, "Kusoma nakujua sasa, baba," akatabasamu, akaondoka. Kuambiwa "nenda ukasome", kwa mtu aliyeishi miaka yote akisomewa, ni heshima. Hilo nalijua mimi.

Akafika kwake, akaketi juani, akaweka kidole chini ya herufi. Akasoma kwa sauti mama yake asikie. "Ha-li-na mo-shi. Li-tu-mi-e po-po-te nyu-mba-ni."

Bibi akacheka, akasema, "Mwanangu anasoma kama mwalimu!"

"Umesikia, mama? Popote."

"Nimesikia. Hata hapa nilipo ni popote."

Wapendwa, mtu aliyezipata herufi ukubwani anaziamini kuliko nyinyi mliokua nazo. Nyinyi mnasoma kitu mnasema, ah, hayo maneno ya biashara tu. Sisi tunasema imeandikwa.

Jioni akawasha mkaa, ukakolea, mwekundu, hauna moshi kweli. Akaliingiza jiko chumbani kwa mama yake. Akafunga dirisha. Akaweka tambara chini ya mlango, joto lisitoke. Bibi akamwambia, "Leo nitalala, mwanangu." Akalala.

Hakuamka.

Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Moshi ungemkohoza akaamka akafungua mlango. Hii haikohozi mtu. Inambembeleza tu.

Msiba ukaisha, watu wakaondoka. Yule mama akalibeba jiko kichwani, akaenda nalo hadi dukani. Kijana akamwona kwa mbali, safari hii akainua macho, kwa sababu aliona bidhaa yake inarudishwa.

"Mama, karibu. Kulikoni? Limegoma kuwaka?"

Mama akalitua chini. Akasema, "Liliwaka, baba. Liliwaka vizuri sana. Wala halikutoa moshi. Uliandika kweli."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Mama yangu alilala nalo."

Mke wa fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Mkasi wa bati ulimdondoka. Kijana akasimama, akakaa, akasimama tena. Akasema, "Mama, mimi... mama, si ungeniuliza?"

Yule mama akamtazama. Hakupiga kelele. Akasema, "Nilikuuliza. Nilisimama hapa hapa."

Uchungu wa mfano huu uko hapo. Nilikuuliza. Nilisimama hapa hapa.

Kijana akaanza kulia. Akasema nikupe nini, nifanye nini. Mama akasema, "Hutanipa kitu. Toa simu yako. Wewe si ulikuwa unatafuta cha kuandika? Andika swali langu. Na chini yake uandike jibu."

Akaandika. Anakosea, anafuta, anaandika tena. Alipomaliza akataka kuituma. Mama akamzuia, "Lete kwanza nisome."

Akaweka kidole. Machozi yanadondokea kioo, anayafuta kwa kanga, anaendelea. "Ni-na-we-za ku-la-la na ji-ko la mka-a chu-mba-ni? Ha-pa-na. Li-ta-ku-u-a, ha-ta ka-ma ha-li-na mo-shi." Akarudia mara ya pili, bila kukwama. Kisha akamrudishia simu. "Sasa imeandikwa," akasema. Akajifunga kanga vizuri, akaenda zake. Jiko akaliacha pale chini.

Wiki ile watu wengi waliingia kwenye ile tovuti, wakatumiana, wakasoma, wakatoa majiko vyumbani. Kijana hakukosa tena cha kuandika. Kila aliyesimama mlangoni alikuwa anamletea. Lakini ni nani angefurahi kwa hilo? Neno jipya alilokuwa akilitafuta miji yote lilikuja kwa miguu yake, likasimama mlangoni, likaitikia salamu yake. Akaliambia likasome.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuuzi majiko, eeh? Sisi wahubiri tunahangaika wiki nzima, Jumapili nitasema nini kipya, tunachukua maneno ya watu wa mbali, matamu, tunayamwaga hapa bila kujua yakifika kwenye baridi ya nyumba zenu yatafanya nini. Na mtu ana swali moja tu, amekaa benchi la tatu, hakuna aliyemuuliza. Sisi wazazi, binti anakuja na neno, tunamwambia subiri, niko na simu. Sisi viongozi wa vikundi tunasema mbona watu hawaji, tuwape nini kipya? Waulize! Wako mlangoni! Halafu siku ya msiba tunasema, si ungeniambia? Ndugu zangu, wengi walituambia. Walisimama hapa hapa.

Na hili la jiko si mfano tu. Baridi imeingia. Asilale mtu nalo ndani, hata liwe jipya, hata iwe imeandikwa wapi. Mzee wangu wa nyuma, ule uwazi upo bado? Uache hivyo hivyo.

Mwenye pikipiki aliyenileta ananipungia mkono, mnamwona. Wenzenu wa mtaa wa ng'ambo wananingoja, na nitakwenda kwao leo hii, na kwenu nitarudi barabara ikikauka. Lakini siondoki hivi. Nakwenda kusimama pale mlangoni. Mkipita msinipe mkono tu na kusema mahubiri yalikuwa mazuri. Mwenye swali aliseme, na simu yangu nimempa mwenye pikipiki anishikie. Haya, tuinuke.