Somoe Pimbi na Lango Lisilosikia Wadogo

Hapo kale, kale ile ambayo hata babu wa babu zangu waliisikia tu, wanyama wa Bonde la Kirema walikuwa na nyumba zao, majiko yao na vibuyu vyao vya maji. Tena, wanangu, kila mmoja wao alikuwa na maoni.

Kwenye njia ya kwenda majini palisimama mwamba mrefu, laini kama sahani. Uliitwa Mwamba wa Maoni. Mwenye neno lake aliliandika pale kwa mkaa. Aliyependezwa nalo alichovya mguu kwenye udongo mwekundu akaugonga chini ya neno hilo, puu! Asiyependezwa aliandika lake, kwa herufi kubwa zaidi.

Katika ufa mwembamba kando ya mwamba huo aliishi Somoe Pimbi na mama yake mzazi. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, mfupi, hana hata mkia wa kujipepea. Somoe alikuwa na macho yasiyotulia. Kila asubuhi alichungulia nje akausoma mwamba kuanzia juu mpaka chini, na katika yote aliyoyasoma hakuna lililomsisimua kama habari za Lango.

Lango lilikuwa mali ya Kampuni ya Kiboko na Wenzake. Kiboko ndiye aliyekuwa fundi. Twiga alipiga hesabu. Nyati alisimama mbele ya watu akaisifu kampuni kwa sauti kubwa. Watatu hao waliijengea chemchemi ya bonde nyumba ya mawe ili maji yasikanyagwe yakawa tope, wakaiwekea lango la jiwe zito kuliko tembo wawili. Ulisimama mbele yake ukasema, "Fungua!" Basi. Krrrrrr! Jiwe likajisogeza lenyewe, hakuna kamba, hakuna mkono.

Siku ya kwanza Somoe alipoliona, alisahau kunywa. Alirudi nyumbani na kibuyu kitupu.

"Maji yako wapi?" mama yake akamuuliza.

"Mama! Jiwe limetembea!"

"Nimekuuliza maji."

"Limetembea peke yake, Mama! Kama mtu aliyeitwa jina!"

Mama yake alimtazama, akacheka mpaka akakohoa.

Kiangazi kikaja. Majani yakakauka, umande ukapungua. Ndipo Nyati akasimama mbele ya Mwamba, kifua mbele, akatangaza, "Toleo jipya! Lango imara zaidi! Halifunguki tena ovyo kila ndege akilia!"

Wakubwa wakashangilia. Puu! Puu! Puu!

Asubuhi iliyofuata Bwana Digidigi, jirani yake Somoe, alisimama mbele ya lango. "Fungua!" Kimya. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana. "Funguaaa!" Kimya. Somoe akajaribu, panya wakajaribu, kanga akajaribu. Jiwe lilikaa kama halijawahi kusogea tangu dunia iumbwe.

Kisha akaja Nyati, akanguruma, "Fungua." Krrrrrr!

Wadogo walijaribu kupenya pamoja na wakubwa, lakini mle ndani mlikuwa na kwato nyingi na nafasi ndogo. Sungura mmoja alitoka akiburuta mguu uliovunjika. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu.

Digidigi akaenda kuandika kwenye Mwamba: "Toleo jipya halitusikii sisi wadogo. Naomba msaada."

Nyati akaandika chini yake: "Kwangu linafunguka vizuri kabisa. Tatizo ni sauti yako." Yaligongwa makwato arobaini.

Twiga akaandika: "Watu wasome maelezo kabla ya kulalamika." Maelezo yenyewe yalichongwa juu ya lango, mahali anapofikia twiga tu.

Somoe naye akaandika kwa adabu, mwandiko mzuri: "Shikamoo, Fundi Kiboko. Lango lako ni la ajabu, sijaona mfano wake. Tafadhali tueleze linavyofanya kazi, huenda tukapata njia ya kujisaidia."

Kiboko akajibu maneno matatu: "Siri ya kampuni."

Siku zikapita. Mama yake Somoe alilala ufani akilamba mawe yaliyopata ubaridi wa alfajiri. Ulimi wake ulikuwa umekauka kama gome. Somoe alimletea mizizi atafune, lakini mama hakuwa na meno ya kutafunia mizizi.

Siku moja Ngiri, bila nia mbaya, aliandika kwenye Mwamba jinsi anavyopika chai ya tangawizi: "Chemsha maji na majani na maziwa. Tangawizi utie mwisho, ukishaepua."

Lo! Kulikucha!

Twiga alikuwa safarini kwa wakwe zake. Aliposikia, alirudi kutoka nusu ya njia. "Tangawizi hutangulia! Huchemka na maji kwanza!" Nyati aliacha kuoga, akaja na povu mgongoni. "Nani kakudanganya? Maziwa hutiwa mwisho!" Mwingine akasema hiliki. Mwingine akasema aliyetaja hiliki hajalelewa. Kufikia jioni mwamba ulikuwa mweusi kwa mkaa, na Ngiri alikuwa amehama.

Somoe aliyatazama yote hayo kutoka ufani, kidevu juu ya jiwe.

"Mama," akasema polepole, "hawa wakiulizwa hawajibu. Lakini mtu akikosea, wanaacha hata kuoga."

Mama yake akafumbua jicho moja.

"Basi kosea, mwanangu. Nina kiu."

Asubuhi Somoe akashika mkaa, akachagua mahali peupe palipobaki katikati ya Mwamba, akaandika herufi kubwa kupita kimo chake, akiruka ili afike:

"MIMI NINAJUA LANGO LINAVYOFUNGUKA. NDANI KUNA KOBE KUMI NA WAWILI WANAOLISUKUMA KWA MIGONGO. ASIYEJUA ANYAMAZE. Somoe Pimbi, Mtaalamu wa Malango."

Kisha akarudi ufani, akakaa.

Nyati ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita. Alisoma. Akarudi kinyumenyume akasoma tena.

"Kobe?" akasema. "Kobe?! We Pimbi! Toka hapo!"

"Nipo, Bwana Nyati," Somoe akachungulia. "Kobe kumi na wawili. Mmoja ana kilema."

"Hakuna kobe! Linasukumwa na maji! Maji ya chini ya ardhi!" Akaandika hivyo hivyo, mkaa ukamvunjikia mara mbili.

"Maji hayana mikono," akasema Somoe.

Kichwa cha Twiga kikashuka kutoka juu, fyuu, kikasimama mbele ya ufa. "Hayahitaji mikono! Maji yanazungusha gurudumu la mti. Gurudumu linavuta jiwe. Hesabu nilipiga mimi mwenyewe, na ninakuomba usiitie kobe hesabu yangu."

Gurudumu! Somoe alishikilia ukingo wa jiwe asianguke. Hakuwahi kufikiria kwamba mle gizani kuna gurudumu. Alitamani kuuliza lina ukubwa gani, lina meno mangapi, nani aliliwaza kwanza. Alijizuia. Akabetua midomo.

"Haya, na liwe gurudumu. Basi hilo gurudumu limesomeshwa shule, ndiyo maana linaelewa neno 'fungua'. Na sisi wadogo halituelewi kwa sababu ya lafudhi yetu."

Nyati na Twiga wakatazamana. Wanyama waliokuwa wakipita wakaanza kusimama, mmoja hapa, wawili pale. Habari ikafika kwenye dimbwi la tope alikolala Kiboko: kuna mtu anasema Lango la Kiboko linaelewa maneno.

Ardhi ikatikisika. Du! Du! Du! Kiboko alikuja mwenyewe, tope likimtiririka mabegani, akaandika huku akisema, akasema huku akiandika.

"Linaelewa maneno? Lango langu? Hata ukisema 'uji' litafunguka! Nyuma ya jiwe nimewamba ngozi kama ya ngoma. Sauti nzito ikiipiga, ngozi inatikisika, inaachia kizuizi, maji yanalipiga gurudumu. Neno halina kazi! Ni mtikisiko! Na katika toleo jipya nimewamba ngozi nene, ndiyo sababu vijisauti vyenu havifiki. Mmesikia? Hiyo ndiyo sababu! Shule, shule gani!"

Somoe alisahau kabisa kwamba alikuwa akimlaghai. Alisimama, mdomo wazi. Ngoma! Jiwe lile lote, uzito ule wote, liliitika ngoma! Machozi yalimlenga, wala hayakuwa ya kiu.

"Mwanangu," mama yake akanong'ona kutoka nyuma, "usiharibu."

Somoe akameza mate yasiyokuwepo. "Pole sana, Fundi," akasema kwa sauti ya msiba. "Maana kama ni ngozi, basi imekwisha kuoza. Imefungiwa ndani hamna hewa, na maji chini yake. Wiki hii lango litakufa. Nitaliandikia tanzia hapa Mwambani."

"Haiozi!" Kiboko akafoka huku akiandika, mpaka kunguru wakaruka. "Unadhani mimi ni fundi wa juzi? Nimeiachia tundu la hewa! Upande wa mashariki, nyuma ya kichaka cha mtunguja! Linaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngozi!"

"Na mwizi akipita humo?"

"Apite vipi?" Twiga akadakia. "Upana wake shubiri moja! Nimeupima! Hata kwato la Nyati haliingii!"

"Haliingii!" Nyati akathibitisha, akagonga udongo mwekundu chini ya maneno yote hayo. Puu!

Somoe akainamisha kichwa. "Nimeshindwa," akasema. "Ninyi ndio mnaojua."

Wakubwa wakaondoka wakipigana mabega kwa furaha. Somoe akachukua unyasi, akaukata wa shubiri moja, akajipima tumbo. Alirudia mara tatu. Akamwita Digidigi.

"Chukua vibuyu vyote," akamwambia. "Waite wote wasiosikiwa. Msimame mbele ya lango, msiseme neno."

"Tusiseme? Litafungukaje?"

"Nenda tu, jirani yangu."

Nyuma ya kichaka cha mtunguja tundu lilikuwepo, kama lilivyoandikwa. Somoe alitoa pumzi yote kifuani akaingia. Mawe yalimbana huku na huku. Alijivuta, kucha kwa kucha, kidevu kikiburura mchanga, mpaka baridi ikampiga usoni, baridi yenye harufu ya maji.

Akatokea juu ya ngozi.

Wanangu, sijui niwaambie vipi. Mwanga mwembamba ulipenya tunduni nyuma yake, ukapita kando ya ngozi, ukaanguka chini kabisa, mahali ambapo maji yalilala kimya, ya buluu, yasiyo na mwisho. Na juu ya maji lilisimama gurudumu. Kubwa! Lilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote ya bondeni, mti mwekundu uliosuguliwa mpaka ukang'aa, kila jino limekaa mahali pake kwa upendo. Somoe alijihisi mdogo kuliko alivyopata kujihisi maishani, na kwa mara ya kwanza udogo huo haukumuuma. Mtu mmoja aliwaza hiki, Somoe akasema moyoni. Yule mwenye tope mabegani, ndiye aliyekiwaza hiki.

Akamkumbuka mama yake. Akaruka juu, akatua juu ya ngozi kwa miguu yote minne.

Ngu!

Akaruka tena. Ngu! Ngu!

Chini, kitu kikaachia. Chwaaa! Maji yakanyanyuka yakalipiga gurudumu, likasita, likazunguka. Matone yakaruka yakajaa mwanga. Mti ukaanza kulia sauti ndefu, nzito, tamu, na mbele, krrrrrr, jiwe likatembea.

Kelele za furaha zilizosikika huko nje! Digidigi akaingia, panya wakaingia, kanga, sungura mwenye mguu mbovu akibebwa. Wakanywa mpaka matumbo yakalia. Kibuyu cha kwanza kilipelekwa mbio ufani kwa mama yake Somoe, naye alikunywa bila kushusha, kisha akauliza, "Lile jiwe, limetembea?"

Mchana Kiboko akaja na wenzake, akakuta lango wazi na wadogo wamelala kivulini wameshiba maji.

"Nani amewafungulia?"

"Ni wewe, Fundi," akasema Somoe, vumbi mgongoni, kidevu kimechubuka. "Umeandika mwenyewe pale Mwambani. Kila mtu ameshasoma."

Nyati akapiga kwato. "Tuzibe tundu! Sasa hivi!"

"Tukiziba," akasema Twiga polepole, "ngozi itaoza."

Wote watatu walikuwa wamebishana sana kuhusu jambo hilo, na walikuwa wameshinda.

Kiboko akakaa chini, puu. Akamtazama Somoe kwa muda mrefu, hasira ikimshuka usoni kidogo kidogo. Vipande vya gurudumu lile alikuwa amevichonga mwenyewe kimoja kimoja, akaviteremsha, akafunika kwa mawe kabla maji hayajaachiliwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuingia, hata yeye; ngozi mpya aliiwamba akiwa upande wa jiwe, bila kuona chini.

"Umeliona?" akauliza kwa sauti ndogo, ndogo hata lango lisingeisikia. "Likizunguka?"

"Nimeliona, Fundi."

"Linafananaje?"

Somoe akaja akakaa kando yake, karibu na sikio lake kubwa, akaanza kumweleza tangu mwanga ulipoangukia maji. Kiboko alisikiliza macho yamefumbwa, wala hakumsahihisha hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoambiwa mimi, na hapo ndipo ninapowaachia ninyi. Funzo lake ni hili: anayeona raha kumsahihisha kila mtu hutoa mwenyewe siri aliyokataa kuitoa alipoombwa kwa adabu.