Majalada ya Chumba cha Kufulia

Anayetafuna muwa hufyonza utamu, akatema ganda na kwenda zake. Kwake yeye ganda limekwisha kazi. Kesho yake chungu hupita pale pale, akaliona ganda lile lile, akawaita wenzake waje kuvuna. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanadamu pia: anachokitupa mmoja kwa kukiona takataka, mwingine angekipokea kwa mikono miwili. Maneno hayo kila mtu ameyasikia tangu utotoni. Mwanamke mmoja aliyeajiriwa katika ghala la nyaraka za serikali alikuwa ameyasikia pia, lakini hakuyaelewa mpaka siku alipojikuta amezama mpaka kifuani ndani ya magunia ya karatasi.

Wenzake walimwita Mashine, naye jina hilo lilimpendeza. Katika chumba cha kwanza, karatasi za kale zilipitishwa chini ya taa ya skana, na picha zake zikamfikia yeye kwenye kompyuta katika chumba cha pili. Kazi yake ilikuwa kuzisoma picha hizo, kulipatia kila jalada anwani, kutaja limetoka ofisi gani na la mwaka gani, kisha kuandika muhtasari wa sentensi chache, ili atakayetafuta jambo siku za usoni ajue liko wapi. Mwisho wa yote palikuwa na kisanduku cha kuchagua: lihifadhiwe au litupwe. Likichaguliwa la pili, picha zilifutwa na karatasi zenyewe zikatiwa guniani, kungoja lori la kiwanda kinachosaga karatasi. Ghala lilikuwa limejaa pomoni. Hata vyooni palikuwa na maboksi.

Mashine alikuwa wa mkataba. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilijenga, na sasa alishinda nyumbani na mguu uliofungwa plasta, akimenya viazi na kuwafokea watoto kwa upendo. Fununu zilikuwa zimeenea ofisini kwamba nafasi moja ya kudumu ingetolewa, na kwamba ingemwangukia aliyemaliza majalada mengi kuliko wenzake. Kwa hiyo Mashine alikaza kamba. Vidole vyake vilirukaruka juu ya kibodi kama mvua juu ya bati.

Jirani yake wa meza alikuwa mwanamume mtu mzima mwenye miwani minene, ambaye wote walimwita Konokono. Yeye aliweza kukaa na jalada moja asubuhi nzima.

"Konokono, bado uko na hilo hilo?" Mashine alimtania siku moja.

"Lina watu ndani, Mashine. Nawasikiliza."

"Hao walishakufa zamani."

"Ndiyo maana nasikiliza vizuri. Siwezi kuwaambia warudie."

Chumba kizima kilicheka, na Mashine akacheka kuliko wote. Kisha akafungua picha zilizofuata. Zilikuwa za majalada matano ya hospitali moja kongwe iliyokwisha kufungwa, yote kutoka chumba cha kufulia. Ukurasa wa kwanza: shuka za wodi ya wanaume, foronya, mapazia. Ukurasa wa pili: shuka tena. Wa tatu: madoa ya dawa ambayo hayakutoka. Mwandiko ulikuwa umelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo, na hapa na pale palikuwa na maneno yameongezwa pembeni. Mashine hakuyasoma. Aliandika, "Karatasi za kufulia nguo za hospitali. Hazina umuhimu," akachagua yatupwe, akaendelea na mengine.

Wiki iliyofuata, kabla ya chakula cha mchana, mkuu wa kitengo alimwita mapokezi. Mkuu huyo alikuwa mama mpole, ila mwenye mzigo. Kila Ijumaa simu ya wizara ilimwuliza ghala litapungua lini. Mbele yake alikuwa amesimama mzee mrefu, mwenye mabega mapana yaliyoanza kuinama, kofia ameishika mkononi.

"Huyu baba anatafuta habari za mama yake," mkuu alisema. "Kompyuta imetoa jibu moja tu, na ni muhtasari wako."

Mashine alisoma kwenye kioo cha kompyuta maneno yake mwenyewe. Siku ile yalikuwa maneno tu. Sasa, mwenye haja nayo akiwa amesimama hatua moja kutoka hapo, yalionekana kama mlango uliofungwa kwa kishindo usoni pa mgeni.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa usumbufu." Mzee aliigeuzageuza kofia yake. "Mama alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia pale hospitalini. Alifariki mimi nikiwa bado nanyonya. Baba alioa tena, na mambo ya mama yakawa hayasemwi nyumbani. Aliyenilea ni mama mdogo, mdogo wake marehemu, na yeye neno lake lilikuwa moja tu: mama yako alijua kuandika, na alikuwa na maneno. Picha yake sina. Nimekuja kuangalia kama kuna chochote alichokigusa."

"Kulikuwa na majalada matano," Mashine alisema polepole.

"Ya mambo gani?"

"Ya shuka, mzee. Na foronya. Kulikuwa na maneno pembeni, lakini sikuyasoma. Nilipita mbio. Nikaandika hayana umuhimu."

Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Mashine kama msumari. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea kufika akakuta watu wameshaondoka.

"Si kosa lako, mwanangu. Shuka ni shuka. Nani angejua?"

Mkuu wa kitengo alikuwa ameshafungua daftari la ghala. Picha zilikuwa zimefutwa. Karatasi zilikuwa bado ziko kwenye banda la nyuma, ila lori la kiwandani lilitarajiwa mchana huo huo, na agizo lake lilikuwa limetoka wizarani.

"Lori siwezi kulizuia," mkuu alisema. Kisha akafikiri kidogo. "Lakini dereva ametoka mbali. Hakuna sheria inayokataza kumkaribisha chai."

Mashine hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivua viatu vyake vya kisigino, akaenda bandani peku. Magunia yalikuwa yamerundikwa mpaka karibu na paa, yote yanafanana kama mapacha. Alifungua la kwanza, akatoa, akatazama, akarudisha. La pili vivyo hivyo. Vumbi lilimwingia puani akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya chafya. Alikuwa akiwaza juu ya majalada yote aliyoyapitisha tangu aanze kazi, sentensi zake fupi fupi alizojivunia, na watu ambao huenda wangekuja siku moja na kofia mikononi.

Mlango wa banda ulilia. Konokono aliingia, amekunja mikono ya shati.

"Umekuja kunicheka?" Mashine aliuliza.

"Nimekuja kufungua magunia. Kucheka kutangoja." Akainama. "Mkuu ameniambia unatafuta yapi. Tusifungue yote. Nilipita chumba cha kwanza siku wanayaskani. Yalifungwa kwa vipande vya bendeji badala ya kamba. Papasa kwanza, usisome."

Wakapapasa. Nje ngurumo ya lori ilisikika, breki zikapumua, mlango ukafungwa. Mashine alisimamisha mikono. Lakini badala ya hatua za wapakiaji alisikia sauti ya yule mzee.

"Kijana, hii springi ya nyuma umeiona?"

"Ina nini, mzee?"

"Imechoka. Mimi nimeendesha malori maisha yangu yote. Ukipakia leo bila kuikaza, utalala njiani. Hebu leta spana nikuonyeshe."

"Na chai ipo," sauti ya mkuu wa kitengo ilifuatia. "Mkimaliza springi, chai iko tayari."

Konokono alimtazama Mashine juu ya miwani yake, na wote wawili wakajiuma midomo wasicheke kwa sauti. Kisha wakarudi kazini kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwa Konokono.

Jalada la kwanza lilipatikana chini ya gunia lililopasuka. La pili na la tatu yalikuwa pamoja. La nne lilikuwa limelowa pembe moja kwa maji yaliyovuja paani. La tano hawakuliona. Walipekua mpaka magunia ya mwisho, mpaka wapakiaji wakaingia bandani huku wakifuta midomo, na bado hawakuliona. Pengine lilikuwa limeondoka na shehena iliyotangulia.

Mezani kwake, Mashine alimvutia mzee kiti karibu. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, na wino ulikuwa umefifia, kwa hiyo alimwomba amsomee. Mashine akasoma, safari hii akianzia kwenye yale maneno ya pembeni.

Msimamizi wa kufulia alikuwa na desturi ya kuwaandikia wauguzi ujumbe chini ya hesabu za nguo. "Dada wa wodi ya pili, pete hii imetoka kwenye foronya ya yule mama wa pembeni. Nimeifunga kitambaani. Mpe mwenyewe mkononi, mumewe simwamini." Na mahali pengine: "Shuka za watoto leo zimerudi na mikojo tu, damu hakuna. Nimefurahi mpaka nimeimba, dobi mwenzangu akaniambia ninyamaze, nafukuza wagonjwa."

Mzee alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kizito, kikamtetemesha mabega, mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

"Alikuwa na maneno kweli," alisema akifuta macho. "Mama mdogo hakunidanganya."

Mashine aligeuza kurasa. Katika jalada la nne, lile lililolowa, alikuta mistari michache, akaisoma polepole.

"Leo sitapiga pasi. Mtoto amenipiga teke mpaka nimekaa chini kwenye kapu la nguo. Huyu hataki kutulia mahali pamoja. Nikimzaa salama nitamfuata huko huko anakokwenda."

Skana ya chumba cha kwanza ilikuwa imenyamaza, kwa kuwa walioiendesha walikuwa wamekuja kusimama mlangoni. Mzee aliutandaza mkono wake mpana juu ya ukurasa, bila kuukandamiza, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Hapo pa mwisho."

Mashine alirudia. Alirudia mara nyingi kadiri mzee alivyotaka, na hakutazama saa.

Mzee alipoomba kujua kilichokuwa kwenye jalada la tano, Mashine alimweleza ukweli kwamba limepotea na kwamba aliyelipoteza ni yeye. Mzee aliyapanga yale manne vizuri mbele yake. Hatimaye alisema, "Mimi nilikuja nikiwa sina hata moja," akamshika mkono, akaushikilia kwa muda.

Jioni ile, kabla ya kufunga kompyuta, Mashine aliandika muhtasari mpya. Aliandika kwamba majalada hayo manne yana hesabu za nguo za hospitali, pamoja na ujumbe wa mkono wa msimamizi wa chumba cha kufulia kwa wauguzi: habari za vitu vilivyosahauliwa na wagonjwa, nafuu ya watoto wodini, utani wa wafanyakazi, na maneno ya msimamizi mwenyewe alipokuwa mjamzito. Jina la mama huyo aliliandika kikamilifu, kama mzee alivyomtajia. Akachagua yahifadhiwe. Kisha akaenda kwa mkuu wa kitengo kuomba ruhusa ya kuyapitia upya majalada yake yote ambayo magunia yake hayakuwa yamepakiwa. Springi ile ilikuwa imechoka kweli, na lori lilikuwa limeondoka na nusu ya shehena.

"Unajua ukirudi nyuma hutakuwa wa kwanza tena," mkuu alimwambia.

"Najua, mama."

"Na hiyo nafasi sina uhakika itakwenda kwa nani."

"Hilo nalo nalijua."

Mkuu akasaini ruhusa. Nafasi ile baadaye alipewa msichana wa chumba cha kwanza. Mashine alilia kidogo alipofika nyumbani, maana plasta ya mumewe ilikuwa bado haijatolewa na watoto walikuwa wamemaliza viazi vyote. Mumewe alimsikiliza kisa chote, tangu magunia mpaka lile kapu la nguo, kisha akamwomba amsimulie tena lile la pete. Mkataba wake uliongezwa mwaka mmoja. Alikubali bila kinyongo, akahamisha meza yake ikakaribiana zaidi na ya Konokono, ili waweze kusomeana pale mwandiko unapokuwa mgumu.

Yule mzee bado huja mara kwa mara. Huketi karibu na dirisha, akaletewa majalada yake manne, akasomewa. Na wafanyakazi wapya wakimwuliza Mashine kwa nini hospitali iliyofungwa imetunziwa hesabu za shuka chafu, huwaonyesha mtu yule aliyeinama pale dirishani, akitabasamu juu ya karatasi ambazo Mashine mwenyewe aliwahi kuzitia guniani, akawaambia: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.