Hondohondo na Kikundi cha Ndugu Zake

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mbona mmejibu kinyonge? Paukwa tena!
Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakialikana harusi, palikuwa na kikundi cha ngoma. Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, aliimba. Chura alipiga ngoma, ndu! ndu! ndu! Nungunungu alitikisa miiba yake, chaka-chaka, chaka-chaka.

Desturi ilikuwa hivi: kila jamii ya wanyama iliyoalikwa sharti iinuke icheze. Jamii moja ikibaki imekaa, kikundi kinarudi bila kula pilau, na hakiitwi tena.

Siku zote waliinuka wote. Lakini Hondohondo alikuwa na jicho baya. Akaona Swala wanamtunza Nungunungu maua. Akaona Nyoka wanajisogeza kwa Chura. Wivu ukamjaa. Mwenye sauti ni mimi, akasema moyoni, na sifa zangu wanakula hawa vikaragosi.

Akawafukuza. Akachukua ndugu zake sita, hondohondo watupu. Mdomo mmoja, sauti moja, wimbo mmoja.

Ikafika harusi ya binti Kiboko. Wakaimba, hoo! hoo! hoo! Ndege wakainuka. Swala wakabaki wamekaa. Nyoka wakalala tuli, kama kamba zilizosahauliwa.

Hondohondo akawafuata Nyoka kwa hasira, akagonga ardhi kwa mdomo wake, ndu! ndu!, akawauliza kwa nini wanamwaibisha mbele za watu. Nyoka mmoja akamjibu taratibu.

"Ndugu yangu, sisi masikio hatuna. Ngoma tunaisikia kwa tumbo, ardhi ikitikisika. Wewe hatujakusikia hata siku moja."

Lo! Miaka yote ile!

Pilau waliinusa tu. Hondohondo akaenda mtoni kwa Chura. Akawakuta yeye na Nungunungu wanafanya mazoezi, na Chiriku anaimba. Akaomba radhi. Akaomba nafasi yake.

"Nafasi ipo," akasema Chura. "Ila anayeanzisha wimbo sasa ni Chiriku. Wewe utaitikia."

Akaitikia. Roho ilimuuma kila ubeti, lakini akaitikia.

Basi wenye wivu sikieni: waalikwa hawafanani, na wapigaji wasifanane. Ukimfukuza asiyefanana nawe, umewafukuza na waliomjia yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nzuri kuliko hii asimulie, sitamwonea wivu. Labda kidogo.