Binti Aliyevuliwa Aproni

Wapendwa, palikuwa na binti mmoja ambaye hakuweza kuona sufuria chafu akaipita. Mama yake alimlea hivyo. Nyumbani kwao, watu wakishakula, msichana anayenyanyuka na kwenda zake huku wenzake wameinamia vyombo husemwa mpaka nyumba ya tatu. Nanyi kina mama mnajua anavyosemwa. "Huyo naye ataolewa na nani?"

Binti huyu alikuwa na akili ya darasani pia. Akapata nafasi ya kusoma chuo kikuu ng'ambo, katika nchi ya baridi. Siku ya kuondoka kanisa zima lilimsindikiza kwa nyimbo, na mama yake alitembea mbele yetu sote kama aliyevishwa taji.

Huko ng'ambo alipewa ruhusa ya kufanya kazi, lakini ruhusa yenyewe ilikuwa na mipaka. Afanye kazi ndani ya chuo tu, asiende kutafuta vibarua mjini. Na wakati wa masomo asizidishe saa ishirini kwa wiki. Akizidisha, kibali chake kinaweza kufutwa arudishwe kwao. Aliyasikia hayo siku ya kwanza, akayaelewa. Akapata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la chuo.

Kazi hiyo aliiweza hasa! Sufuria zenye ukoko mweusi alizisugua mpaka mtu akajiona uso ndani yake. Wapishi wakamsifu, wakawa wakimwona tu wanapiga makofi.

Darasani mambo hayakuwa hivyo. Walimu walizungumza mbio, na mtihani wa kwanza akaanguka. Akaambiwa kwamba akianguka na wa pili, nafasi yake ya masomo itakwisha. Sasa niwaulize, wapendwa. Mtu akiwa na mahali anaposifiwa, na mahali anapoaibika, miguu yake humpeleka wapi?

Ilimpeleka jikoni. Saa zake zikiisha anagonga kadi ya kutoka, ile inayohesabu saa za kazi, kisha anarudi kwenye sinki. Alijiambia, "Hii sasa si kazi. Nasaidia tu." Na ndani kabisa ya moyo alikuwa na wazo jingine ambalo hakumwambia mtu. Wakinipenda hapa, hata nikianguka watanitetea.

Mwanafunzi mwenzake, msichana wa nchi yake, alikuja kumchungulia mlangoni.

"Dada, ulikuja kusoma au uliolewa na jiko hili?"

"Nitawaachiaje wenzangu vyombo? Watanisema."

"Nani akuseme? Huku hakuna mama mkwe! Njoo tusome."

"Tangulia, nakuja."

Mwenzake alitangulia. Yeye hakwenda.

Ikafika Ijumaa moja ambayo chuo kilikuwa na karamu kubwa. Mtihani wa pili ulikuwa Jumatatu. Saa zake za wiki hiyo alikuwa amezimaliza, lakini aliposikia sahani zinavyogongana huko jikoni hakuweza kukaa. Akaja bila kuitwa, akafunga aproni. Msimamizi wa jiko, mama mmoja mnene asiyechekacheka, akamkuta mikono imezama katika povu mpaka viwikoni.

"Vua aproni," akasema.

Binti akaitoa mikono majini. "Mama, nimekosa nini?"

"Saa zako zimekwisha."

"Najua, mama. Leo sitaki malipo. Nawasaidia tu."

"Sheria haitauliza kama nilikulipa. Itauliza kama ulifanya kazi. Nami nitajibu nini, na mikono yako hii inachuruzika maji?"

"Sema ndivyo nilivyolelewa."

Yule mama akamsogelea. Kisha akamfungua aproni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama unavyomvua mtoto nguo iliyolowa.

"Umelelewa vizuri," akasema. "Sasa niambie. Ulipoingia nchi hii walikuandika kuwa nani? Mwosha vyombo?"

"Hapana. Mwanafunzi."

"Basi sikia. Hukupata kuwa mwanafunzi kwa kunioshea vyombo. Unaosha vyombo hapa kwa sababu wewe ni mwanafunzi. Siku ukiacha kuwa mwanafunzi sina ruhusa ya kukushikisha hata kijiko. Unang'arisha sufuria zangu ili ubaki hapa, lakini hakuna sufuria inayoweza kukubakisha. Toka. Na usipitie mlango wa nyuma. Pita ukumbini, mlango mkubwa, kama wanafunzi wengine."

Akatoka. Akapita katikati ya karamu, kati ya meza na watu waliovaa vizuri, mikono bado inanukia sabuni. Mwanzoni aliinamisha uso, maana alidhani amefukuzwa. Alipofika katikati ya ukumbi maneno yale yakamwingia. Mwanafunzi! Akainua kichwa. Mpaka anafika mlangoni alikuwa anatembea kama mama yake siku ile ya kumsindikiza.

Kabla ya kufungua vitabu akampigia mama yake simu, kwa kuwa moyo ulikuwa bado unamsuta.

"Mama, leo nimewaachia watu vyombo nikaondoka."

 Mama akasema, "Wenye zamu wapo?"

"Wapo."

"Basi vioshwe na wenye zamu. Mwanangu, jiko ninalo hapa. Ningetaka uoshe vyombo ningekusafirisha? Kasome!"

Akasoma Ijumaa ile, akasoma Jumamosi na Jumapili, na mwenzake yule akamfafanulia alipokwama. Mnataka kujua kama alifaulu? Alifaulu. Na Jumanne alikuwa jikoni tena, ndani ya saa zake, anasugua na kuimba, kwa maana sasa hakusugua tena kwa hofu.

Wapendwa, na sisi je? Mbona tunafagia kanisa, tunapika chakula cha wageni, tunaimba kwaya mpaka sauti zinakauka, kisha tunalala na hofu kwamba hatujafanya vya kutosha? Nani alitudanganya kwamba Mungu anatuhesabia sahani? Mbona tunakimbilia pale tunaposifiwa na watu, tunaacha lile moja alilotuitia, kuketi tumsikilize, kwa sababu hapo tunajiona wajinga?

Sikiliza, dada uliyechoka. Hatumtumikii Mungu ili tupate kuwa watoto wake. Tunamtumikia kwa sababu sisi ni watoto wake. Ukiugua usiweze kuinua hata ufagio, bado u mtoto. Ukijifungua ukakaa nyumbani unanyonyesha, hata kanisani huonekani, bado u mtoto. Mipaka aliyokuwekea, siku ya kupumzika, saa ya kunyamaza, hakukuwekea kwa kukudharau. Anakulinda usisahau wewe ni nani.

Kwa hiyo leo, tukimaliza ibada, atakayekuwa na zamu ya vyombo avioshe kwa furaha. Na asiye na zamu aende nyumbani kwake, kichwa juu, na asimwombe mtu yeyote radhi. Yeye ni mtoto wa Mfalme.