Kura ya Mwanaidi wa Kwelusango

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu bali zamani ambayo wengi wetu tuliiona kwa macho, palikuwa na chama kilichokuwa kikimtafuta mtu wa kugombea urais. Waliojitokeza walikuwa watatu. Wanachama wakapiga kura nchi nzima, tawi kwa tawi, na zilipohesabiwa, watatu wale wakawa wamefungana. Tawi lililobaki lilikuwa moja tu, la Kwelusango, kijiji ambacho mvua ilikuwa imekikatia barabara kwa siku nne. Atakayeongoza Kwelusango ndiye angepeperusha bendera ya chama.

Nchi nzima ilishika pumzi. Kwa maana kama kuna kijiji kilichowajua wagombea wale, ni hicho.

Miaka tisa nyuma, juu ya bonde lile palikuwa na bwawa kubwa. Upande mmoja chini yake ulikuwepo mji wa Hemzizi, wenye watu elfu thelathini. Upande wa pili, kando ya mkondo wa zamani wa mto, ilikuwepo Kwelusango, kaya mia moja na kidogo, wakulima wa mpunga.

Mhandisi wa bwawa aliitwa Lwitiko. Siku moja akaona ufa ukutani. Akamwandikia waziri ripoti, hakujibiwa. Akaandika tena, hakujibiwa. Akaandika mara ya tatu, akajibiwa kwa barua ya uhamisho, na ndani yake onyo kwamba akifungua mdomo atashtakiwa. Akafunga mizigo, akaondoka.

Waziri huyo aliitwa Shekigenda. Yeye ndiye aliyekata utepe bwawa lilipozinduliwa. Alizisoma ripoti za mhandisi, akazielewa vizuri sana, akazifungia kabatini. Akajisemea, "Litahimili mpaka kiangazi."

Halikuhimili. Masika ile mvua ilinyesha siku kumi na saba. Mchana wa siku ya kumi na saba, mkuu wa wilaya, mwanamke aliyeitwa Tumsifu, aliitwa bwawani akakuta maji yanapenya ukutani. Mafundi wakamwambia: ukuta ukivunjika, Hemzizi yote itazama. Njia ilikuwa moja, kufungua milango ya maji upande wa mkondo wa zamani, upande wa Kwelusango. Akapiga simu makao makuu, akaambiwa asubiri. Akapiga tena, akaambiwa asubiri. Akatuma gari la kipaza sauti likawaonye wanakijiji. Gari likakwama kwenye tope, naye hakujua. Akangoja nusu saa. Kisha akaamuru milango ifunguliwe.

Hemzizi ikapona. Kwelusango wakafa watu kumi na mmoja. Miongoni mwao alikuwa Singano, mume wa Mwanaidi, na binti yao Semeni, mwenye miaka sita.

Serikali ikasema kosa ni la mkuu wa wilaya. Tumsifu akafukuzwa kazi, akafikishwa mahakamani, na kesi ikaenda miaka miwili. Hukumu ilipokaribia, Shekigenda, ambaye hakuna aliyemshuku, aliingia mahakamani kwa miguu yake mwenyewe, ripoti zote tatu mkononi. Akasema, "Mwachieni mama huyu. Mwenye hatia ni mimi."

Tumsifu akaachiwa. Shekigenda akafungwa miaka minne. Kwa maneno yake yale, watu wa Kwelusango wakapewa ardhi mpya bondeni, mbali kidogo na mkondo, na majina ya wafu wao yakasomwa bungeni. Naye Lwitiko akaitwa, akarudi, akajenga ukuta mwingine, ambao mpaka leo umesimama.

Basi hao ndio walioomba kura.

Barabara ilipofunguka walikuja wote watatu, wakaketi kwenye benchi moja ndani ya ghala la mpunga. Mbele yao walikuwa wanachama mia moja ishirini na mmoja. Mwenyekiti wa tawi alipotaka wagombea waanze kujinadi, Mwanaidi akasimama.

"Mwenyekiti, hotuba zao tumezisikia redioni. Mimi nina la kuwauliza."

Hakuna aliyempinga. Akamgeukia Lwitiko.

"Mhandisi, ulipohamishwa ulipita barabara gani?"

"Ile ya bondeni, mama. Iliyopita kijijini kwenu."

"Ulituona?"

"Niliwaona. Mlikuwa mnapanda mpunga. Kuna mtu alinipungia mkono."

"Hukusimama."

"Sikusimama. Nilikuwa na ile barua mfukoni na watoto wanne nyumbani. Nilipunguza mwendo, kisha nikaongeza."

Akamgeukia Tumsifu.

"Na wewe, mama, ulipotoa amri ulijua tupo?"

"Nilijua. Daftari la kaya zenu lilikuwa ofisini kwangu."

"Leo yakikukuta yale yale?"

Wengi walidhani Tumsifu ataomba radhi.

"Ningefungua," akasema. "Nisamehe, lakini ningefungua."

Kina mama wawili wakaanza kulia. Mwanaidi hakulia. Akamtazama Shekigenda.

"Ripoti ulikuwa nazo tangu mwanzo. Kwa nini ulikaa kimya miaka miwili?"

"Mwaka wa kwanza niliogopa," Shekigenda akasema. "Mwaka wa pili nikaanza kuzoea. Siku moja nikapita siku nzima bila kuwakumbuka. Hapo ndipo nilipojiogopa mwenyewe."

Wagombea wakaombwa watoke nje. Ndani, mjadala ukaanza.

Wa kwanza kusema alikuwa Chambuso, fundi wa baiskeli. "Mimi nampa mhandisi. Nchi inahitaji mtu anayeona ufa ukiwa bado mwembamba. Kati ya hao watatu, ni nani mwingine aliyehangaika tusife kabla hatujafa? Na ukuta unaotulinda leo ni wa nani?"

"Aliona, sawa," akajibu Nambua, mwalimu wa shule ya kijiji. "Alipungiwa mkono akakanyaga mafuta! Urais una siku ambayo kila simu unayopiga unaambiwa usubiri. Siku hiyo namtaka Tumsifu. Wazazi wangu wako Hemzizi. Wako hai, ndugu zangu. Nitasemaje?"

Mzee Hoza, aliyefiwa na mdogo wake katika maafa yale, aliinuka taratibu. "Wazazi wako wanaishi kwa gharama ya mdogo wangu, mwalimu. Sikuchukii kwa hilo. Lakini nimeishi miaka sabini na miwili, na viongozi nimewasikia sana. Husema makosa yalifanyika. Aliyesema 'nimekosa mimi', tena hajaulizwa na mtu, nimemwona mmoja tu. Nampa Shekigenda."

"Mzee, yeye ndiye aliyetuua!" Chambuso akapaza sauti.

"Ndiyo. Na bila yeye ungejuaje?"

"Angenyamaza, angefungwa mwanamke asiye na kosa," Nambua akasema. "Kusema kweli ulikuwa wajibu wake."

"Wajibu huo mhandisi wako, Chambuso, aliuona mzito miaka miwili hiyo hiyo," akasema mzee. "Kesi ya Tumsifu ilisomwa redioni kila wiki. Lwitiko hakuwa na redio?"

Chambuso hakubadilisha msimamo wake. Wala Nambua hakubadilisha. Wala mzee. Wakabishana mpaka alasiri, kisha wakapiga kura.

Lwitiko akapata arobaini. Tumsifu akapata arobaini. Shekigenda akapata arobaini. Ikabaki karatasi moja, ya Mwanaidi, ambaye alikuwa hajainuka kitini.

"Dada," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "ukitaka kuacha, hakuna atakayekulaumu."

"Mnanihurumia mkidhani chuki imenifunga," Mwanaidi akasema. "Ningekuwa na chuki ingekuwa rahisi. Mmoja angeweza kumwokoa Semeni kwa neno moja, hakulisema. Mmoja alimfungulia maji. Mmoja ndiye chanzo cha yote. Lakini kama si wa kwanza, leo tungelala kwa hofu. Kama si wa pili, watoto elfu wa Hemzizi wangekwenda na mwanangu. Kama si wa tatu, ningekufa nikiambiwa ni mapenzi ya Mungu."

Akaichukua kalamu. Akaandika jina moja, akakunja karatasi, akaitumbukiza, akatoka. Nje aliwapita wagombea wote watatu. Mwenyekiti akaisoma karatasi, na chama kikampata mgombea wake.

Jina hilo silitaji. Tangu siku ile Kwelusango wenyewe hawajaacha kubishana kama lilikuwa sahihi, na mimi nimechoka kubishana peke yangu. Ninyi mmesikia kila kitu alichokisikia Mwanaidi. Yuko aliyeona akaondoka, yuko aliyeokoa kwa kuua, yuko aliyeficha kisha akafichua. Je, nani kati yao alistahili kura ile?