Ukuta wa Bi Uduvi

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa wakialikana chakula cha mchana na konokono wakisuka mikeka, palikuwa na bwawa kubwa katikati ya nyika. Humo waliishi madume wawili wa samaki. Mmoja mwekundu, jina lake Shababi. Mwingine wa buluu, jina lake Fakhari. Mapezi yao yalikuwa marefu, yakipepea kama shela la bibi harusi.

Shababi alikaa mashariki, Fakhari magharibi, na kwa ukubwa wa bwawa hawakuwahi kuonana.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Bwawa likanywea, likanywea, hata likabaki dimbwi la kuvuka kwa hatua tano. Asubuhi moja Shababi akapinda nyuma ya jani, akakutana na Fakhari uso kwa uso.

"We nani?"

"Wewe ndiye nani, nyumbani kwangu?"

Fuu! Wakatunisha mashavu. Wakatandaza mapezi. Kisha pa! pa! charrr! Vipande vyekundu na vya buluu vikaelea juu ya maji.

Chini kabisa, nyuma ya jiwe, Bi Uduvi alijikunyata. Alikuwa mdogo kuliko ukucha wa mtoto, na siku hiyo alikuwa amebeba mayai sitini yaliyoshikamana chini ya tumbo. Tope lilitibuka mpaka akakosa pumzi. Maji yalipotulia akajipapasa. Mayai ishirini yalikuwa yameng'oka, yamekwenda na maji.

Hakulia. Aliyakumbatia yale arobaini yaliyobaki.

"Wataacha tu, shoga yangu," Konokono akamwambia.

"Hawaachi. Ndivyo walivyoumbwa, dume kwa dume hawakai chumba kimoja. Na hebu tazama juu."

Ukingoni alisimama Yangeyange, mguu mmoja juu, shingo imekunjwa. Ndege yule alipenda sana samaki waliochoshwa na ugomvi.

"Basi kawapatanishe."

"Kupatana hawataweza," akasema Bi Uduvi. "Lakini kujisifu wanaweza."

Akaenda kwa Shababi. Alimkuta chini ya jani, mkia umechanika vipande vipande.

"Shikamoo, Bwana Shababi."

"Marahaba. Sema upesi, nakwenda kummaliza yule."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Anatetemeka, maskini! Anaomba tumjengee ukuta asikuone, maana akikuona tu, chakula hakipiti kooni."

Shababi akavimba. "Ha! Ananiogopa?"

"Usimwambie kama nimekwambia. Ataona haya."

"Mjengeeni. Mimi sipigani na waoga."

Bi Uduvi akashukuru, akapita chini ya mawe, chururu, hadi kwa Fakhari. Akamwambia maneno yale yale, jina tu ndilo alilobadilisha. Fakhari naye akavimba. Fakhari naye akakubali.

Siku tatu walisuka nyasi, Bi Uduvi na Konokono, toka chini hadi juu ya maji. Lakini ukuta wa kwanza ulikuwa mwepesi. Shababi akiona kivuli cha buluu, fuu! Fakhari akiona kivuli chekundu, fuu! Kutwa nzima mashavu yametuna, hakuna anayekula.

"Watakufa kwa hasira hawa," akasema Bi Uduvi. "Tuongeze majani, wasionane kabisa."

"Tukandike udongo, yaishe!"

"La, la! Tukiziba, maji yataoza. Maji yapite, macho yasipite."

Wakaongeza majani. Kila upande wakaacha kona yenye jua la kuota na jani la kujifichia.

Dimbwi likatulia. Maji yakatakata hadi mchanga ukaonekana. Yangeyange akangoja siku ya kwanza, akangoja ya pili, ya tatu akaruka zake. Mayai arobaini yakaanguliwa, na Bi Uduvi akalala usingizi mzito ambao hakuwahi kuupata tangu ukame uanze.

Basi siku moja Shababi akamwona mbu akipita. Akaruka, chwaa! Akaupita ukuta kwa kimo. Akiwa hewani akamwona Fakhari upande wa pili, na mbele yake Bi Uduvi akisema, "Usijali, Bwana Fakhari. Shababi bado anatetemeka, hata kula hali."

Chubwi! Shababi akarudi majini kwake.

"Nani anatetemeka? Wewe mwanamke, si uliniambia yeye ndiye mwoga?"

"Ati nini?" Fakhari akanguruma. "Mimi, mwoga?"

Shababi akauma ukuta, akavuta. Nyasi zikalia krrr! Bi Uduvi alijipenyeza katikati ya majani.

"Ndiyo, nimewadanganya! Wote wawili! Ukuta ni nyasi tu, bwana, utaubomoa kwa pumzi moja. Lakini kabla hujavuta tena, geuka uutazame mkia wako."

Shababi akageuka. Mkia ulikuwa umeota upya, mzima, mwekundu, ukimfuata nyuma polepole. Akautazama kitambo. Akatema nyasi.

"Fakhari!"

"Naam!"

"Unaniogopa?"

"Hata chembe! Na wewe?"

"Hata chembe!"

Wakazungukazunguka, kila mmoja upande wake.

"Basi ukuta tuuache?" Fakhari akauliza.

"Tuuache. Ila si kwa ajili yangu."

"Wala si kwa ajili yangu!"

Fakhari akaenda zake kuota jua. Shababi akamsogelea Bi Uduvi, akanong'ona asisikiwe upande wa pili.

"Mama, pale juu nilipopaona ni pafupi mno. Mtu anaweza kuangukia ng'ambo kwa bahati mbaya. Ongezeni nyasi kidogo."

"Tutaongeza, mwanangu," akasema Bi Uduvi, akaenda kumwita Konokono.

Nami nimekomea hapo, wanangu: wasioweza kukaa chumba kimoja wanaweza kuwa majirani wema, mradi ukuta usimame.