Joho la Mfalme Kondo

Naileta hadithi, niitue wapi?
Itue hapa, tumekaa.
Mkichoka?
Hatuchoki, sema.

Hapo kale, katika mji wa Mavumbi, palikuwa na mfalme aitwaye Kondo. Kila mwaka mavuno yakiisha, mtu mmoja alimwiga mfalme mbele ya mfalme mwenyewe. Desturi ilikuwa hivi: mfalme huvua joho na kumvika mchezaji, mchezaji hukalia kiti cha enzi, na mfalme huketi mkekani na watu. Mfalme akicheka, mchezaji hupewa mbuzi. Asipocheka, mchezaji huhama mji kabla jua halijatua.

Na Kondo hakuwa mtu wa kucheka. Mwaka juzi mchezaji alihama. Mwaka jana mchezaji alihama. Mwaka huu kura ilimwangukia Mbaruku, msuka mikeka.

Mbaruku hakutaka mbuzi. Alitaka kubaki. Mkewe, Mwanakheri, alizikwa nyuma ya nyumba yao tangu kiangazi, na kila asubuhi Mbaruku alimwamkia kabla ya kunywa uji. Mtaniambia wafu hawaitikii. Alijua.

Siku ikafika. Mbaruku akavaa joho, akapanda kitini, na maneno yote aliyoyatunga yakamtoka kichwani. Akapiga chafya.

Waziri Ngwali, mtu wa miaka thelathini barazani, akainama. "Mungu akuzidishie afya, Maulana."

Mbaruku akamtazama. Mzee hakuwa akitania. Kwake yeye, joho likiwa kitini, basi mfalme yuko kitini. Mbaruku akajaribu.

"Leo kuna baridi."

Jua lilikuwa utosini. "Kali mno, Maulana," akasema Ngwali, akijikunyata. Mawaziri wenzake wakagonganisha meno.

"Nataka tujenge daraja."

"Wazo jema, Maulana."

"Mto uko wapi?"

"Mto hatuna, Maulana. Lakini daraja tunalihitaji sana."

Watu wakauma midomo. Mfalme hakucheka. Mbaruku akanyoosha kidole.

"Na yule pale mkekani, mwenye kanzu nyeupe, ni mtu wa namna gani?"

Ngwali hakugeuka hata kutazama. "Hafai, Maulana. Tumesema siku zote."

Watu wote wakageukia mkekani.

"Siku zote tangu lini, Ngwali?" ikauliza sauti kutoka mkekani.

Ngwali akageuka. Akamwona mfalme mkekani. Akaliona joho kitini. Akatazama huku, akatazama kule, kisha akainama katikati, mbele ya nguzo ya baraza.

"Maulana," akaiambia nguzo.

Hapo Kondo alicheka. Alicheka hadi akalala chali, na mji mzima ukacheka naye.

"Shuka, Mbaruku," akasema akifuta machozi. "Leo unalala kwako."

"Siwezi, Maulana. Magoti yamekataa."

Mfalme akaja mwenyewe, akamshika makwapani, akamwinua.

"Mzito wewe."

"Si mimi, Maulana. Ni joho."

"Najua," akasema Kondo, wala hakuwa na haraka ya kulivaa.

Nimeutua mzigo wangu. Aliyeupenda aubebe, na njia iwe nyepesi kwenu nyote.